Fimbo ya mbali: mwalimu mkuu, simu na vijiji vya Uluguru



Anayeishi Morogoro mjini akiinua macho kuelekea Uluguru huiona minara ya mawasiliano juu ya kilele cha Bondwa, zaidi ya meta 2,000 kutoka usawa wa bahari. Sisi wa bondeni tumeizoea kiasi kwamba hatuioni tena. Tunafungua simu, mtandao unasoma, basi. Lakini mawimbi ya simu hayapindi kona vizuri. Yakigonga mgongo wa mlima, nyuma yake panabaki kivuli, kama kivuli cha jua la jioni. Ndiyo maana mtu anaweza kuishi karibu kabisa na mnara kwa kipimo cha ramani na bado asipate hata kimstari kimoja cha mtandao. Kwenda Matombo, Kinole, Tegetero au Kibungo Juu, kila bonde lina habari yake. Vipo vitongoji ambako watu wanajua jiwe fulani au mwembe fulani ndipo mahali pa kupigia simu, na jioni utawakuta wamesimama pale kwa zamu. Serikali inaujua ugumu huo. Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote ulianzishwa kwa sheria ya mwaka 2006 kwa ajili ya sehemu ambazo kampuni za simu hazioni faida ya kujenga.

Katika milima hiyohiyo kuna shule, na kila shule ina mwalimu mkuu, na siku hizi karibu kila mwalimu mkuu ana kundi la WhatsApp la wazazi. Hilo ndilo jambo tunalotaka kulieleza: kiongozi wa shule anafanya nini hasa anapoongoza watu kwa njia ya simu? Anawafikia, au anadhani amewafikia?

Swali hili linatuhusu sisi mafrateri kuliko tunavyodhani. Wengi wetu tutapelekwa mwaka wa kichungaji kwenye shule za jimbo au seminari ndogo. Baadaye, Mungu akipenda, baadhi yetu tutakuwa mameneja wa shule za parokia, na wote tutakuwa na makundi: ya halmashauri ya walei, ya makatekista, ya kwaya, ya kamati ya ujenzi. Kwa hiyo habari ya mwalimu mkuu wa Uluguru ni habari ya paroko wa kesho. Na waamini wanaosoma hapa wako upande wa pili wa kundi hilohilo, wakipokea matangazo.

Tuanze na historia fupi. Kwa miaka mingi mawasiliano ya shule na nyumbani yalikuwa ya aina mbili tu: barua iliyokunjwa na kupewa mtoto, na mkutano wa wazazi. Barua ilifika au haikufika kutegemea mtoto alipitia mtoni au hakupitia. Mkutano ulikuwa na ajenda, mwenyekiti wa kamati ya shule, na mzee mmoja wa nyuma ambaye lazima aulize swali kuhusu choo. Halafu ikaja tarehe 17 Machi 2020, shule zikafungwa kwa sababu ya korona hadi mwishoni mwa Juni, na vipindi vikapelekwa redioni na kwenye televisheni. Walimu wengi waliokuwa wakitumia simu kwa salamu tu wakajikuta wanaitafutia kazi ya shule. Baada ya Sensa ya mwaka 2022 vishikwambi vilivyotumika kuhesabu watu vikagawiwa walimu. Pia mpango wa Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, tunaouita kwa kifupi MEWAKA, unawataka walimu wajifunze kwa pamoja shuleni kwao na pia kwa njia ya mtandao kupitia Taasisi ya Elimu Tanzania. Yaani simu imekwisha kuingia ofisini. Kubishana kama iingie au isiingie ni kupoteza muda.

Tulipata nafasi ya kuzungumza na mwalimu mkuu mmoja wa shule ya msingi iliyo juu mlimani. Hatutaji jina lake wala la shule, kwa kuwa aliongea nasi kama mzazi anavyoongea na watoto wake, si kwa ajili ya kuchapishwa. Ruhusa ya kutumia mawazo yake alitupa. Ni mtu wa miaka mingi kazini. Tulipomwamkia alicheka, akasema, "Marahaba mafrateri, karibuni. Nyie mmekuja kwa miguu, kwa hiyo mnayo haki ya kusikilizwa."

Jambo la kwanza alilotuambia ni kwamba kundi la wazazi lilimfanya awe mwepesi, na wepesi huo ukamdanganya. Zamani tangazo la mkutano lilichukua siku nne kuzunguka vitongoji vyote. Sasa linachukua nusu dakika. Kwa hiyo akaanza kutuma matangazo mengi zaidi. Mwaka mmoja aliandika kuhusu mchango wa mahindi na maharage kwa ajili ya chakula cha mchana cha wanafunzi. Wazazi wengi waliusoma ujumbe. Alama za kuonyesha umesomwa alizihesabu mwenyewe. Hakuna aliyepinga. Wachache waliandika "sawa mwalimu" na kuweka picha ya mikono inayoomba. Siku ya kupokea mahindi ilipofika, gunia halikujaa.

"Nilikasirika," alisema. "Halafu nikavaa viatu." Alizunguka vitongoji kwa miguu siku mbili. Huko chini mahindi yalikuwa yamekomaa. Huko juu, kwenye baridi, yalikuwa bado mabichi shambani. Kila mtu mlimani anajua kwamba mavuno hayafiki siku moja kwa wote, na yeye pia alijua, lakini ujumbe ulikuwa mmoja kwa wote na tarehe moja kwa wote. Alipowauliza wazazi wa juu kwa nini hawakusema, walishangaa. Ungemjibuje mwalimu "hapana" mbele ya watu mia?

Hapa tunaomba msomaji avumilie kidogo falsafa, maana ndiyo tunayosoma. Neno letu la Kiswahili "kuwasiliana" limetokana na "kuwasili", yaani kufika, neno tulilolipata kutoka Kiarabu. Likaongezewa kile kiambishi cha kutendana, kama katika kupendana na kusaidiana. Kuwasiliana, basi, ni kufikiana: mimi nafika kwako na wewe unafika kwangu. Lugha yenyewe imeshaamua kwamba jambo la upande mmoja si mawasiliano. Ujumbe wa mwalimu mkuu uliwasili, na simu ikathibitisha kuwa umewasili. Lakini wazazi wa juu hawakuwasili kwake hata kidogo. Palikuwa na kupeleka, hapakuwa na kufikiana.

Plato aliliona tatizo hili kabla ya simu, akalisema kuhusu maandishi. Katika mazungumzo yake yaitwayo Faidro, Sokrate analalamika kwamba neno lililoandikwa ni kama picha: linaonekana hai, lakini ukiliuliza swali linanyamaza, na tena linazunguka kwa kila mtu, anayestahili kulipata na asiyestahili, bila kujua liseme kwa nani na linyamaze kwa nani. Wengine hapa seminarini husema Sokrate alikuwa mzee mwenye kuogopa mambo mapya. Sisi tunaona aliigusa hasa hali ya tangazo la mahindi. Neno la ana kwa ana linamwona anayeambiwa. Linaona uso ukikunjamana, linarudi nyuma, linajieleza upya. Tangazo halioni uso.

Na kabla hatujamlaumu mwalimu wetu, milima hii ina mfano mkubwa zaidi wa kosa hilohilo, uliofanywa na serikali nzima. Kati ya mwaka 1950 na 1955 serikali ya kikoloni ya Kiingereza iliendesha mpango wa matumizi ya ardhi ya Uluguru. Nia yake mtu anaweza kuielewa: udongo ulikuwa unachukuliwa na mvua, na mito ya Uluguru ndiyo inayolisha Ruvu. Watu waliamriwa kuchimba matuta ya ngazi kwenye miteremko, kwa siku maalumu za kazi, na asiyefanya alitozwa faini. Amri ilikuwa moja kwa mlima mzima. Sasa, upande wa Mgeta, ambako watu walikuwa na matuta yao ya asili na walikwisha anza kulima mboga za kuuza, ngazi hizo zilikuwa na maana. Lakini sehemu nyingine udongo mzuri ni tabaka jembamba tu juu. Ukichimba ngazi unaufukia huo na kuinua udongo wa chini usio na rutuba. Wakulima waliliona hilo kwa macho yao, katika mashamba yao, na mahindi yao yakawaonyesha. Walioamrisha hawakuwa na sikio la kulipokea. Julai 1955 ghasia zikazuka Matombo, polisi wakafyatua risasi, mtu akafa, na mpango ukaachwa.

Tunautaja mfano huu kwa sababu mara nyingi tunadhani tatizo la viongozi ni nia mbaya. Mabwana shamba wale hawakuwa wamekosa elimu, na mmomonyoko waliouona ulikuwa wa kweli. Hadi leo upo. Walichokosa ni njia ya habari kupanda kutoka shambani kwenda juu. Amri ilishuka vizuri sana.

Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Je, basi, mwalimu mkuu aiweke simu chini? Hapana, na Kanisa lenyewe halijawahi kufundisha hivyo. Vitabu vingi vya Agano Jipya ni barua! Mtume Paulo aliongoza Korintho akiwa Efeso, akawaandikia Warumi ambao kama jumuiya alikuwa hajawatembelea. Hata wapinzani wake Korintho walikiri kwamba barua zake zina uzito, ila wakambeza kwamba akija mwenyewe ni mnyonge. Lakini angalieni jinsi alivyozituma. Barua haikwenda peke yake. Ilikwenda na mtu. Timoteo anatumwa, Tito anatumwa, Fibi wa Kenkrea anatambulishwa kwa Warumi ili wampokee. Aliyekuja na barua aliweza kuulizwa maswali, na aliweza kurudi na majibu. Na mwandishi wa Waraka wa Pili wa Yohane anaishia kwa kusema ana mengi, lakini hapendi kuyamaliza kwa karatasi na wino, anatumaini kuja waonane uso kwa uso. Anatumia karatasi kusema kwamba karatasi haitoshi. Tunadhani hiyo ndiyo adabu sahihi ya chombo chochote cha mawasiliano.

Kuna pia Mtakatifu Fransisko wa Sale, ambaye watu wa habari wanamkumbuka kila tarehe 24 Januari. Papa Pius XI alimtangaza kuwa msimamizi wa waandishi Wakatoliki mwaka 1923, na siku ya kumbukumbu yake ndiyo siku ambayo Mababa Watakatifu hutoa ujumbe wa Siku ya Upashanaji Habari Ulimwenguni. Wengi wanajua kwamba aliandika vijikaratasi na kuvipenyeza chini ya milango. Wachache wanakumbuka mazingira. Mwaka 1594, akiwa padre kijana, alipelekwa Chablais, kusini mwa ziwa la Geneva, nchi ya milima na baridi kali. Watu waliogopa kuonekana wakimsikiliza. Alilala ngomeni Allinges na kutembea kwa miguu kwenda Thonon kuhubiri karibu bila wasikilizaji. Vijikaratasi vilizaliwa hapo: kwa kuwa hawakuweza kuja kwake, neno liende nyumbani mwao, walisome wakiwa wamefunga mlango. Tazama tofauti na mtu anayeandika ili asitembee. Fransisko aliandika na akaendelea kutembea. Karatasi ilimwandalia njia, miguu ilifuata. Mtu akishasoma, alijua sura ya aliyeandika, maana alimwona jana akipita kwenye theluji.

Tukirudi kwa mwalimu wetu, ndivyo alivyobadilika. Kundi hakulifuta. Alibadilisha mpangilio: jambo linalohitaji watu wakubali au wakatae haliamuliwi tena kwenye simu. Huko linatangazwa tu kwamba litajadiliwa, lini na wapi. Mkutano ukishaamua, uamuzi unaandikwa kwenye kundi ili asiyekuwepo ajue. Kwa maneno mengine, simu inakuwa mwanzo na mwisho wa jambo, na katikati yake wanakaa watu. Tena mikutano ameigawa, mmoja wa vitongoji vya juu na mmoja wa vya chini. Ni kazi zaidi kwake. Tulipomuuliza kama haoni inachosha, alijibu tu kwamba mahindi yalipatikana.

Jambo la pili alilotueleza ni zito zaidi, nalo linahusu aibu. Alisimulia habari ya shule nyingine, hakutaja ipi, ambako kiongozi aliweka kwenye kundi orodha ya wazazi ambao hawajatoa mchango, majina na kiasi. Pengine alidhani ni uwazi. Usiku huohuo akina mama wawili walilefti. Mtoto wa mmoja wao hakuonekana darasani kwa wiki kadhaa, na mwalimu wa zamu alipomfuata nyumbani alikuta mama hataki kabisa kusikia jina la shule. Deni lenyewe lilikuwa dogo.

Kwa nini orodha kwenye simu inauma kuliko kusemwa mkutanoni? Tumeijadili sana tukiwa mezani. Mkutanoni neno la aibu linasikika na waliopo, halafu linapotea hewani, na mwenyekiti anaweza kulipoza kwa utani, na jirani anaweza kusimama akasema, "Huyu mama mwanawe mwingine yuko hospitali." Kwenye simu jina linabaki limeandikwa. Linasomwa tena kesho. Linafowadiwa kwa shemeji aliyeko Dar es Salaam. Hakuna wa kulipoza. Penye wengi pana mengi, na kundi lina wengi ambao mtu hakuwachagua wawe mashahidi wa umaskini wake. Bwana wetu katika Injili ya Mathayo alituwekea utaratibu wa kumwonya ndugu: kwanza wewe na yeye peke yenu, kisha mmoja au wawili, na mwisho kabisa ndipo kusanyiko. Anayeanza na kundi ameuanza utaratibu huo kwa mkia.

Sheria za nchi nazo zina la kusema hapa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inazitaja taarifa zinazohusu watoto miongoni mwa taarifa nyeti. Picha ya mtoto akipigwa sindano shuleni, matokeo yake ya mtihani, habari kwamba ana kifafa: hivyo si vitu vya kurushwa kwenye kundi kwa kuwa tu admini ni mwalimu. Hata Baraza la Mitihani liliacha Januari 2023 kutangaza shule bora na wanafunzi bora kitaifa. Shule nyingi za kwetu, pamoja na zile zinazoendeshwa na Kanisa, hazijaanza kulichukulia jambo hili kwa uzito. Bado tunaona picha za watoto zenye majina kamili na darasa, zimewekwa kwa furaha na nia njema, na tunasema wazi kwamba nia njema haitoshi.

Tuje kwa kusikiliza. Mtakatifu Thoma wa Akwino, anapochambua fadhila ya busara, anaihesabu hali ya kufundishika kuwa sehemu yake. Hoja yake ni nyepesi kueleweka: mambo ya kutenda ni mengi na yanabadilika mno, mtu mmoja hawezi kuyaona yote kwa muda mfupi, kwa hiyo anahitaji kufundishwa na wengine, hasa wazee wenye uzoefu. Na anaongeza kwamba hata wakubwa wanapaswa kufundishika, kwa kuwa hakuna anayejitosheleza. Mara nyingi tunasoma sehemu hiyo tukidhani inamhusu mwanafunzi. Inamhusu mwalimu mkuu. Inamhusu Gambera. Kiongozi mwenye busara si yule ambaye ujumbe wake unasomwa na wote, ni yule ambaye taarifa mbaya zinamfikia mapema.

Na hapa simu, ikitumiwa vizuri, ina uwezo ambao mkutano hauna. Mwalimu wetu aligundua kwamba mama asiyefungua mdomo mkutanoni, tena mbele ya wakwe, atamtumia ujumbe wa sauti saa mbili usiku, wa dakika tatu, akieleza kila kitu. Kwa asiyeandika kwa urahisi, ujumbe wa sauti ni ukombozi mdogo. Ukiusikiliza unasikia na jogoo, na mtoto mchanga, na pumzi. Waraka wa Baraza la Kipapa la Mawasiliano wa tarehe 28 Mei 2023, uitwao Kuelekea Uwepo Kamili, unatumia mfano wa Msamaria Mwema kutuuliza nani ni jirani yetu katika njia za kidijitali. Pengine jirani ni yule mwenye ujumbe wa dakika tatu ambao hatuna subira ya kuusikiliza mpaka mwisho.

Aristotle, kwa upande wake, anatupa kipimo kizuri cha umbali. Katika kitabu cha nane cha Maadili yake ya Nikomako anasema umbali wenyewe hauuvunji urafiki, unausimamisha tu usitende kazi. Ila ukizidi kuwa mrefu, hata urafiki wenyewe husahaulika. Tunaona ni hivyo kwa uongozi. Mwalimu mkuu anayejulikana kwa sura anaweza kuongoza kwa simu mwezi mzima wa masika, barabara zikiwa utelezi, na watu wakamwelewa, kwa sababu wanaposoma maneno yake wanaisikia sauti yake. Mwalimu mpya aliyehamishiwa shuleni na kuanza kwa kuunda kundi hana sauti hiyo. Watu wanasoma maneno yake kwa sauti ya mtu mkali yeyote waliyewahi kukutana naye.

Labda ndiyo sababu ya majina yetu mawili. Sekondari tunasema Mkuu wa Shule, lakini msingi tunasema Mwalimu Mkuu: kwanza mwalimu, halafu mkuu. Mwalimu ni mtu anayeonekana mbele ya watoto wake kila asubuhi akiwa na chaki mkononi.

Linabaki swali la wasiokuwemo. Kundi huitwa "la wazazi wote", lakini ni la wazazi wenye simu janja, chaji na bando. Mwenye kiswaswadu hayumo. Bibi anayelea wajukuu wanne hayumo. Na Uluguru kuna jambo jingine ambalo mgeni halioni haraka. Waluguru wanahesabu ukoo kwa mama. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake, ardhi imefuata njia hiyo, na mjomba ana sauti kubwa juu ya watoto wa dada yake. Simu ya nyumbani, mwalimu wetu anasema, mara nyingi inashikwa na baba. Kwa hiyo anapomwandikia "mzazi" habari ya mtoto kuacha shule, pengine anamwandikia mtu ambaye katika jambo hilo atasema lakini hataamua, na mjomba anayeweza kuamua yuko kitongoji cha pili na hajui kitu. Simu imechagua nani ni mzazi bila kumuuliza mtu.

Njia aliyoipata ni daftari. Kando ya daftari la mahudhurio ana jingine, la kawaida la kurasa mia, lenye jina la kila mtoto na mbele yake namna nyumba hiyo inavyofikiwa: kundi, ujumbe mfupi wa kawaida, kupitia jirani fulani, kwa mjomba. Nyumba nyingine zimeandikwa "kigango", kwa kuwa katekista hutangaza baada ya ibada ya Jumapili, na nyingine "msikitini", kwa kuwa imamu hufanya vivyo hivyo baada ya swala ya Ijumaa, na wote wawili wanafanya kwa moyo. Mvua zikikata njia hutegemea pia redio, na Radio Ukweli ya jimbo letu husikilizwa na watu wasio na bando. Na kwenye majina machache ameandika tu "kwenda mwenyewe".

Daftari hilo analirekebisha kila muhula, maana watu huhama, simu huibiwa, laini hufungwa, mjomba hufariki. Wenzetu mtakaokwenda mwaka wa kichungaji kwenye shule za vijijini, ulizeni kama lipo daftari la namna hiyo kabla hamjaomba kuingizwa kwenye kundi. Kama halipo, kurasa mia zinatosha kuanzia, na miezi miwili ya kwanza ya kutembea vitongojini itawapa majina karibu yote.